Jinsi ya kuweka Neno kwenye sabufa ya nyumbani, ibada ya jioni isimezwe na simu

Wazazi wenzangu tuongee ukweli, ibada ya jioni siku hizi haifi kwa kukosa Biblia, Biblia zipo, kwenye simu unazo matoleo matatu manne, inakufa kwa sababu simu hiyo hiyo ndo imeshika Biblia. Unafungua Marko, hujafika mstari wa tano inaingia meseji ya kikoba, unasema ngoja nijibu hii tu, watoto wanakuangalia, mdogo kashalala kwenye kochi, basi kesho tena. Sisemi kusomea simu ni dhambi, mi mwenyewe alfajiri nasomea simu, ila kwa ibada ya watoto nashauri sauti itoke kwenye kitu ambacho hakipokei meseji, na kitu hicho nyumba nyingi za kwetu kipo tayari: sabufa.

Na mtu asikwambie kusikiliza ni uvivu wa kusoma. Kumbukumbu la Torati 6:7 mzazi anaambiwa awafundishe watoto aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aamkapo, na wakati ule vitabu viliandikwa kwa mkono, watu wengi walilijua Neno kwa kulisikia likisomwa. Warumi 10:17 nayo inasema imani chanzo chake ni kusikia. Mtoto wa darasa la kwanza anayehangaika na silabi hawezi kujisomea sura nzima ya Union Version, ile ya 1952 tuliyokulia, lakini akisomewa na mtu anayejua kusoma anaifuata vizuri tu, tena atakushangaza anavyokumbuka.

Unachohitaji ni sabufa yenye tundu la flashi, flashi yenyewe, na kompyuta ya kuazima hata kwa jioni moja, au simu yenye waya wa OTG, ule wa kuchomekea flashi kwenye simu. Flashi usinunue kubwa. Agano Jipya likisomwa lote kwa sauti ni kama masaa 20 hivi, na mp3 ya kiwango cha 64 kbps, ambayo kwa sauti ya mtu anayesoma inatosha kabisa, saa moja inakula kama MB 29, kwa hiyo Agano Jipya zima halifiki hata GB 1. GB 8 inakutosha na chenji inabaki. Zile flashi za GB kibao zinazouzwa barabarani kwa bei ya soda achana nazo, nyingi zinaonyesha ukubwa ambao haupo, unajaza mafaili halafu ya mwisho mwisho hayalii.

Sasa sauti unapata wapi. Ipo apu inaitwa Bible.is ya watu wa Faith Comes By Hearing, wako Albuquerque kule Marekani, ina Kiswahili na unaweza kupakua ukasikiliza bila bando. YouVersion, ambayo wengi mnayo, ilitoka 2008 na ni nzuri sana kusoma, maandishi ya baadhi ya matoleo unapakua kabisa, ila ukibonyeza isome kwa sauti jiandae bando kuondoka. Shida ya apu zote mbili ni kwamba sauti inakaa ndani ya apu, huikuti kama faili la kukopi kwenda kwenye flashi. Kwa mafaili yenyewe nenda kwa Global Recordings Network, tovuti yao inaitwa 5fish, hapo unapakua mp3 bure na wana hadi toleo dogo lenye ubora wa chini kwa ajili yetu sisi wa bando la kuhesabu. Kazi hiyo ilianzishwa na mama mmoja, Joy Ridderhof, 1939 huko Los Angeles, alikuwa mmisionari Honduras akarudi kwao kwa kuumwa, akawaza sauti yake itafikaje kule bila yeye kwenda, akaanza kurekodi kwa Kihispania. Wana hadithi fupi fupi za Biblia kuanzia uumbaji mpaka Kristo, na lugha ni maelfu, kwa hiyo usiishie Kiswahili tu, hilo nitalirudia nikifika kwa bibi wa watoto wangu.

Ila njia ninayoipenda kuliko zote ni kurekodi wenyewe. Mume wangu ni dereva wa malori, akiwa kwenye foleni ya mpakani Rusumo huku Mwanza tunaanza ibada, basi akiwa nyumbani anasoma sura mbili tatu tunarekodi, akisafiri sauti yake ipo. Watoto wanamsikiliza baba yao kuliko msomaji yeyote mwenye sauti ya redioni, hata akijikwaa kwenye majina ya watu wanacheka halafu wanakaa kimya kusikia kinachofuata. Kurekodi hakuhitaji studio, chagua chumba chenye nguo na magodoro maana chumba kitupu kinarudisha mwangwi, zima feni, weka simu kama shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo sio mbele kabisa ili pumzi isipige maiki, na kila sura iwe faili lake. Usisome harakaharaka. Na hizi rekodi ni za nyumbani kwako, Biblia zina wenye haki zao, usianze kuuza flashi nje ya kanisa.

Hapa ndo watu wengi wanakwama: unarekodi, unakopi, unachomeka, sabufa kimya. Sababu ni aina ya faili. Rikoda za simu nyingi zinatoa m4a, na voisi ya WhatsApp inatoka kama opus, sabufa za kawaida zinajua mp3, pengine na wma, basi. Inabidi ubadilishe, na programu ya VLC ya kwenye kompyuta inafanya hiyo kazi bure: fungua Media, chagua Convert/Save, ongeza faili lako, kwenye profile chagua Audio MP3, mpe jina, bonyeza Start. Ukiwa na simu tu tafuta apu ya kubadili sauti kwenda mp3, zipo nyingi, chagua isiyoomba ruhusa ya kusoma namba zako za simu, kubadili sauti kunahusiana nini na namba za watu?

Kingine ni fomati ya flashi, yaani namna ilivyopangwa kuhifadhi mafaili. Sabufa nyingi zinasoma FAT32, na flashi za GB 64 kwenda juu mara nyingi zinakuja na exFAT, ndo maana nikasema usinunue kubwa. Kwenye Windows bonyeza kulia kwenye flashi, Format, chagua FAT32, ila jua itafuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo kama kuna picha za kipaimara zitoe kwanza. Halafu majina. Ukiandika 1, 2, 3 mpaka 16 mashine inaweza kupanga 1, 10, 11, na 2 ikaja baadae, Yesu anaingia Yerusalemu kabla hajachagua wale kumi na wawili, kwa hiyo andika 01, 02, 03. Na kuna sabufa hazijali majina kabisa, zinacheza kwa mpangilio ambao mafaili yaliingia, hizo dawa yake ni kufuta yote na kukopi moja baada ya jingine kwa utaratibu. Inachosha lakini unafanya mara moja. Flashi ya Neno iwe ya Neno peke yake, usichanganye na nyimbo hata kama ni za injili, maana katikati ya Getsemane ikirukia mapambio ya kucheza ibada imeisha hapo. Funga uzi mwekundu uijue.

Tuanze na kitabu gani? Mi nasema Marko. Ni injili fupi kuliko zote, sura 16, kuisikia yote ni kama saa moja na nusu tu, kwa hiyo sura moja kwa jioni ni dakika tano sita, mtoto anaziweza. Sura ya 14 ina mistari 72, hiyo igawe mara mbili. Ukimaliza Marko nenda Ruthu, kisha Yona, vyote vina sura nne nne, halafu Mithali maana ina sura 31 unaweza kufuata tarehe ya mwezi, leo tarehe 9 mnasikiliza ya 9, na ukikosa siku hudaiwi. Mambo ya Walawi yaache wakue kwanza.

Mpangilio wenyewe msiufanye kama kanisani. Kwetu ni wimbo mmoja ambao mtoto anachagua, tunasikiliza, tunaongea, tunasali, tunakula au tunalala, robo saa imetosha. Rimoti ya sabufa anashika mtoto, tena yule msumbufu kuliko wote, akipewa kazi anatulia. Maswali yasiwe ya mtihani, usiulize umejifunza nini, hilo swali linaua mazungumzo, uliza ungekuwa wewe ndani ya mtumbwi ungefanyaje, nani hapo umemuonea huruma. Halafu kaa kimya uwaache. Marko 5 ile ya nguruwe kama elfu mbili kuingia ziwani, wa kwangu wa kati aliuliza hao nguruwe walikuwa wa nani na alilipwa na nani, nikamwambia sijui, akasema mwinjilisti atajua, Jumapili akamfuata mwenyewe mlangoni, na mwinjilisti naye akacheka akasema hajui. Sasa kila tukifika hapo nyumba nzima inaanza ubishi wa fidia. Mi naona hiyo ni ibada pia, mtoto ameingia ndani ya habari anaiangalia kutoka kwa mchunga nguruwe, unataka nini zaidi.

Turudi kwenye simu maana ndo mwanzo wa kesi. Kwenye Android tafuta Usinisumbue, weka ratiba ijiwashe saa ya ibada na kujizima baadae, na uruhusu namba chache zipite, ya mume, ya bibi, ya jirani. Usitegemee nidhamu yako, weka ratiba. Simu zote ziende chumbani, na ya baba na ya mama pia, watoto wana macho. Kwenye WhatsApp ingia kwenye mipangilio ya hifadhi na data uzime kupakua picha na video zenyewe, yale magrupu ya harusi na misiba yanajaza simu na kumaliza bando, na mtoto akiazima simu anakutana na vitu ambavyo hata wewe hujavifungua.

Kwa mtandao wenyewe kuna kitu kidogo wazazi wengi hawakijui. Android kuanzia ya 9 ina sehemu ya DNS ya faragha, kwenye mipangilio ya mtandao na intaneti, jina linaweza kutofautiana kidogo kwa simu yako. Hapo chagua kuandika jina la mtoa huduma, andika family.cloudflare-dns.com, hifadhi. Ni huduma ya bure Cloudflare waliitoa Aprili 2020, inazuia tovuti za ngono na zile zenye virusi, iwe uko kwenye bando au waifai. Inavyofanya kazi ni kwamba simu kabla haijafungua tovuti inauliza kwanza anwani yake, na huyu anayeulizwa anakataa kutoa anwani za tovuti hizo. Lakini isikupe usingizi, haioni kilichomo ndani ya apu, video ya TikTok au kitu alichotumiwa WhatsApp kinapita, na mtoto mjanja anaizima kwa sekunde kama anajua pini yako. Kama mtoto ana simu yake mwenyewe basi Family Link ya Google, unapanga saa ya simu kulala na apu mpya haziingii mpaka ukubali. Mwambie umeiweka. Ukiiweka kimyakimya akagundua, umemfundisha kuwa hata nyie mnafichana.

Kuhusu sadaka kwa simu, mi hapo ni mbishi kidogo. Lipa namba ya kanisa ni nzuri, mume wangu akiwa barabarani anatoa fungu la kumi kwa M-Pesa na hakuna anayejua zaidi ya Mungu na mhasibu. Lakini mtoto akikuona unabonyeza simu kanisani hajui unatoa au unachati. Mpe sarafu mkononi aende nayo mbele mwenyewe.

Bibi yao, mama mkwe wangu, yuko Kwimba na Kiswahili anasikia ila Neno kwa Kisukuma linamuingia zaidi, kwa hiyo yeye flashi yake ni ya Kisukuma, tunaichomeka kwenye redio ndogo ya kuchaji kwa sola, zile zina tundu la flashi na la memori kadi. Kama una mzee mnunulie yenye vitufe vikubwa, paka rangi ya kucha nyekundu kwenye kitufe cha kucheza na nyeupe kwenye cha kuruka mbele, maana maandishi yale hata mimi siyaoni. Memori kadi ni bora kuliko flashi kwa mzee, haichomozi nje wajukuu wakaigonga. Na mafaili yote tunza nakala kwenye kompyuta ya mtu au flashi ya pili, ikiharibika unakopi upya kwa mpangilio ule ule 01, 02, 03, unampa mtu anayepanda basi la Ngudu, huko huko Kwimba, anampelekea.