Namna ya kumwachia mwenzako achague kwanza

Mimi ni mama karanga, yaani mkaanga samaki, hapa Malindi. Asubuhi nanunua samaki wanaposhuka, mchana nakaanga, jioni nauza kando ya barabara kule Maweni. Kanisani naongoza kikundi cha akina mama, na juzi tuliposoma Wafilipi 2 dada mmoja mgeni alinivuta kando akaniuliza, "Mama, nimesikia nimhesabu mwenzangu kuwa bora kuliko nafsi yangu. Sasa kesho asubuhi nifanye nini?" Nilimjibu kwa kirefu, na jibu lenyewe ndilo hili.

Anza na kitu unachokitaka wewe mwenyewe. Kumpa mtu gauni ulilolichoka ni vizuri, lakini hapo hujaachia kitu. Ngoja upepo wa kusi ushike, mashua zipungue, mto Sabaki ufurike na bahari yetu igeuke nyekundu kwa udongo wa bara. Siku hizo beseni moja la tafi linazungukwa na wanawake kumi na zaidi. Nenda mapema kama kawaida, maana aliyefika mwisho hana nafasi ya kumpa mtu. Ukiwa wa kwanza, geuka umtafute mwenye hali nzito kuliko yako, umwambie, "Haya, chagua wewe." Kisha ondoa mkono wako kwenye beseni. Usimsogezee wale wadogo, wala usimhesabie kwa macho. Atakayemchukua ni wake, hata akimchukua yule uliyekuwa umeshamwona.

Haya nimejifunza kwa Abramu, Mwanzo 13. Wachungaji wake na wa Lutu walikuwa wanagombea malisho. Abramu alikuwa ami yake Lutu, mkubwa kwa umri, na ahadi ya nchi alipewa yeye. Bado akamwambia kijana: ukienda kushoto, mimi nitakwenda kulia. Lutu akainua macho, akaliona bonde la Yordani lina maji tele, akalichagua lote. Hakuna mahali tunaposoma kwamba Abramu alisema, "Lakini mwanangu, si ungeniachia kidogo?" Alikuwa ameachia kweli.

Jambo la pili nililipata kwa uchungu. Kusi moja kali nilimwachia mwenzangu wa mtaa wa Shela achague, akabeba wale samaki wa changu wakubwa wote. Jioni nikalisimulia kikundini kama ushuhuda. Habari zikamfikia. Kesho yake akaja hadi kwenye meko yangu, akafungua fundo la leso polepole, akatoa shilingi 300, akaziweka juu ya gogo. "Chukua, mama," akasema. "Sikujua kumbe lilikuwa deni." Nilishindwa hata kumtazama. Kwa hiyo dada yangu, ukishaachia, funga mdomo. Usiseme nyumbani, usiseme kanisani, wala usilitaje kwenye maombi ya sauti.

Kwenye chama cha mzunguko ni hivyo hivyo: kabla ya kupiga kura ya nani apokee kwanza, uliza nani ana mtoto aliyerudishwa kwa karo, umpishe.

Ramadhani inataka kufikiria zaidi. Majirani zangu wengi ni Waislamu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu. Alijua anaweza kuila, lakini akasema ikimkwaza ndugu yake, hataila nyama hata milele. Najua majirani zangu si wale aliowaandikia. Hata hivyo naichukua ile njia yake ya kupima: nina ruhusa, sawa, lakini ruhusa yangu inamfanya nini aliye karibu? Samaki akiwa kwenye mafuta saa saba mchana, harufu inaingia moja kwa moja madirishani mwa watu waliofunga. Basi mwezi ule siwashi moto mpaka alasiri ipite. Mauzo ya mchana yanakwenda, nami nimekubali yaende.

Ila usichanganye faida ya mtu na kila anachokuomba. Akija kaka anayetaka hela nawe unajua zitaishia kwenye pombe ya mnazi, mnunulie unga uupeleke kwa mkewe. Na wanao nao wamo katika "wengine" ambao Wafilipi 2 inatuambia tuangalie mambo yao; usigawe chakula chao ili usifiwe nje.

Moyo ukigoma, na utagoma, usingoje ulainike kwanza. Mimi mafuta yakiwa yanapata moto nasoma Wafilipi 2, mstari wa 5 hadi wa 8: Kristo, aliyekuwa yuna namna ya Mungu, akatwaa namna ya mtumwa, akanyenyekea hata mauti ya msalaba. Paulo aliyaandika akiwa kifungoni, na katika waraka huohuo anawasihi wanawake wawili wa kanisa, Euodia na Sintike, wawe na nia moja. Hao wawili nawaona kila siku pale wanaposhukia samaki, na siku nyingine mmoja wao ni mimi. Nisiposoma mistari ile, mkono wangu unakwenda kwenye beseni wenyewe.

La mwisho ni kupokea. Yule mwenzangu wa Shela tulipatana, ilichukua miezi. Siku hizi akinitangulia hunigeukia akaniita, "Mama, chagua." Mwanzoni nilikuwa nakataa, hapana, chukua wewe, hapana wewe, mpaka akanuna, na alikuwa na haki ya kununa. Sasa akiniita nasema ahsante, nainama, nachagua. Wiki iliyopita nilichukua tafi sita, wale wanene.