Usiibe: Jinsi ya Kuiishi Amri Hii Sokoni, Nyumbani na Kwenye Simu, Dar es Salaam

Muulize Mkristo yeyote wa Dar kama ni mwizi, atakataa, na kama unamaanisha kuvunja milango au kukwapua simu pale Kariakoo, atakuwa anasema kweli. Lakini Biblia haikuliacha neno "usiibe" likae peke yake. Torati inalifafanua kwa mizani, kwa ujira wa kibarua, kwa rehani, kwa mali iliyookotwa. Ukilisoma pamoja na ufafanuzi huo, amri inakuonyesha mtu unayemdai au anayekudai, inakuonyesha kiasi, na mara nyingi inakupa hadi saa ya mwisho ya kulipa. Tunashauri uanze hapo: nani, kiasi gani, lini.

Kabla ya yote, jambo dogo linalovuruga vikundi vya kujifunza Biblia vyenye watu wa madhehebu mbalimbali. Kwa Wakatoliki na Walutheri hii ni amri ya saba. Kwa Waanglikana, Wasabato na Wapentekoste ni ya nane. Maandiko ni yaleyale, kinachotofautiana ni mahali pa kugawa maneno ya Kutoka 20 ili zipatikane amri kumi. Itajeni kwa maneno yake, msiitaje kwa namba, mtaokoa nusu saa ya ubishi.

Soma kwanza, jioni mbili zinatosha

Jioni ya kwanza soma Kutoka 20:1-17, kisha Mambo ya Walawi 19:11-13 na 19:35-36, na Kumbukumbu la Torati 24:6-15. Jioni ya pili soma Mambo ya Walawi 6:1-5, Kutoka 22:1-4, Luka 19:1-10 na Waefeso 4:28. Usiruke Kutoka 20:2. Mungu anasema kwanza kwamba amewatoa watu wake Misri, ndipo anapotoa amri. Anayeanza zoezi hili akidhani analipia wokovu huchoka mapema, au huanza kuwahukumu jirani zake. Hata Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, alitaja hesabu zake baada ya Yesu kusema atashinda nyumbani mwake.

Waefeso 4:28 ndiyo inayoonyesha mwisho wa safari. Mwibaji asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumgawia mhitaji. Kwa hiyo kuacha kuchukua ni nusu tu ya amri. Nusu nyingine ni kuitunza mali ya mwenzako na kumsaidia.

Sasa chukua daftari na uchore safu tatu: jina la mtu, kitu au kiasi, tarehe ya kumaliza. Usiandike "nimekuwa si mwaminifu kazini". Andika "saidia fundi aliyechanganya zege Jumamosi, shilingi 15,000, leo kabla ya magharibi". Sentensi ya kwanza utaiombea miaka mitano. Ya pili inalipika leo.

Mizani, debe na kisado

Mwenye genge, bucha au duka la nafaka aanzie hapa, maana ndipo Maandiko yanapozungumza kwa undani zaidi. Kumbukumbu la Torati 25:13-15 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo: moja la kununulia, jingine la kuuzia.

Kama unatumia mizani ya mshale, itazame asubuhi ikiwa tupu. Mshale usipogusa sifuri, rekebisha skrubu ya sifuri kabla ya mteja wa kwanza. Kisha weka kitu ambacho uzito wake unaujua, na kizuri kuliko vyote ni jiwe lenye chapa ya Wakala wa Vipimo. Ukikosa, pakiti ya chumvi ya kilo moja ambayo haijafunguliwa itakupa makadirio. Springi iliyochoka huvutika kupita kiasi, mshale ukaenda mbele kuliko uzito halisi, na anayeumia ni mnunuzi. Mawe ya chuma nayo yana yake: kutu hula chuma, jiwe likapungua. Mengi yana kitundu kilichozibwa kwa madini ya risasi, na risasi hiyo ikidondoka au ikichokolewa, jiwe la kilo si kilo tena. Ligeuze ulitazame.

Kwa debe na kisado, tazama kitako. Kikibonyea kwenda ndani, ujazo umepungua hata kama mdomo wa chombo uko vilevile. Kigongwe kirudi, au chombo kitupwe. Na kama mnauziana kwa kilele, yaani chombo kikijaa hadi kupita mdomo, ununue kwa kilele na uuze kwa kilele. Anayenunua kwa kilele akauza kwa kufuta sawa na mdomo ana mawe mawili mfukoni. Lumbesa ni jambo hilohilo kwa upande wa mkulima: gunia linashonewa nyongeza juu, linapita kilo 100 zinazoruhusiwa na sheria ya vipimo, naye analipwa gunia moja. Ukienda kununua nafaka au viazi, lipa kwa kilo.

Tufanye hesabu, kwa sababu watu wengi hudhani gramu chache hazina uzito mbele za Mungu. Chukua mfano wa mizani inayosoma kilo moja wakati mchele ni gramu 900. Bei ikiwa shilingi 3,000 kwa kilo, kwa kila kilo mteja amepoteza 300. Ukiuza kilo 40 kwa siku, ni 12,000. Kwa siku 26 za kazi, ni 312,000. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeita polisi, na fedha hiyo imetoka kwa akina mama wanaopima robo kilo.

Kibarua, fundi na dada wa kazi

Walawi 19:13 inasema ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Kumbukumbu 24:15 inasema alipwe kabla jua halijachwa, na inatoa sababu: ni maskini, na moyo wake unautumainia ujira huo. Kwa Dar hiyo ni hesabu ya unga, mkaa na nauli ya kurudi Mbagala au Gongo la Mboto. Ukiwa na ujenzi, fedha iwe tayari ifikapo saa kumi alasiri. "Njoo Jumatatu" ni kuvunja amri, hata kama Jumatatu utalipa yote.

Ukilipa kwa simu, tuma na ya kutolea. Mmepatana 20,000, ukituma 20,000 kamili, atakapotoa kwa wakala hatapokea 20,000. Makato hayo umemwachia anayepata kidogo kuliko wewe.

Dada wa kazi alipwe mkononi au kwenye namba yake mwenyewe. Kumlipa mjomba aliyemleta, au kusema "nakuwekea", kunaruhusiwa tu kama yeye ameomba, na kila mwezi uandike kiasi mahali anapoweza kukisoma. Akivunja chombo usikate mshahara kimyakimya. Kama kuna kukatwa, mpatane kwanza, na sahani ya shilingi elfu tatu haistahili mpatano. Hapa amri ya kupumzika inaungana na "usiibe", kwa sababu Kutoka 20:10 inawataja mtumwa, mjakazi na mgeni aliye ndani ya malango yako. Familia inayokwenda ibadani Jumapili na kumwacha dada akipika pilau la watu kumi na wawili imepumzika yenyewe tu. Sheria ya kazi nayo inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki. Muulize angependa siku ipi. Akiwa Mwislamu, huenda Ijumaa ikamfaa kuliko Jumapili yako, na siku hiyo ni yake kweli: asiamshwe kuchemsha chai.

Cha juu, risiti na muamala uliokosewa

Umetumwa kununua saruji, umelipa 17,000, umesema 18,500. Wengi huita cha juu na kuona ni haki yao kwa jasho la kuzunguka. Jasho hilo lina haki kweli, ila mwenye fedha alijue. Sema kabla ya kwenda: "Nauli na usumbufu wangu elfu kumi." Akikataa, usiende. Dalali wa nyumba afanye vilevile. Kodi anayoitaja iwe ileile aliyoambiwa na mwenye nyumba, na malipo ya udalali yatajwe peke yake.

Dukani utaulizwa kama unataka bei ya risiti au isiyo na risiti. Chukua ya risiti, na kiasi kilichoandikwa kiwe ulicholipa. Warumi 13:7 haihitaji maelezo marefu.

Fedha ikiingia kwenye simu yako kwa makosa, Kumbukumbu 22:1-3 inakuhusu: usijifiche, tunza hadi mwenyewe aipate. Lakini uwe mwangalifu, matapeli wanautegemea wema wa watu. Kwanza angalia salio lako, usiamini ujumbe mfupi pekee, kwa kuwa ujumbe wa kughushi unafanana sana na wa kweli. Salio likiwa halijaongezeka, hakuna cha kurudisha. Likiongezeka, usiitumie wala usiitoe, na usiitume kwenye namba nyingine utakayopewa. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, omba muamala urudishwe na wao. Ukituma mwenyewe, na mtumaji naye akawa ameshaomba urejeshwe, unaweza kukatwa mara mbili. Konda akikuzidishia chenji ni rahisi zaidi: mrudishie kabla hujashuka, kwa kuwa jioni atatakiwa kufikisha hesabu ya bosi.

Kulipa yaliyopita

Hapa ndipo wengi huishia. Torati ina viwango viwili. Anayeungama mwenyewe hurudisha kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano, yaani asilimia 20 (Walawi 6:5, Hesabu 5:7). Aliyekamatwa hulipa mara mbili kama mnyama aliyeibwa yupo hai, na mara nne kwa kondoo aliyekwisha kuchinjwa au kuuzwa. Zakayo hakukamatwa na mtu, lakini alijipangia mara nne. Mkristo hafungwi na viwango hivyo kama sheria ya mahakama ya Israeli, ila ile sehemu ya tano ni kipimo kizuri cha kuanzia, kwa sababu aliyekaa bila fedha yake amepoteza zaidi ya fedha. Kwa mfano wetu wa mchele: 312,000, ongeza 62,400, jumla 374,400.

Nenda kwa mtu mwenyewe, sema kosa kwa jina lake, mpe fedha, kisha omba radhi. Ukianza na "ndugu yangu naomba unisamehe", naye kwa haya akasema yameisha, umemwibia mara ya pili. Wala usilipeleke kwanza kwenye ushuhuda wa Jumapili. Mathayo 5:23-24 inakutuma uache sadaka madhabahuni uende kwa ndugu yako. Kama kosa linaweza kufika polisi, mfano fedha za mwajiri au za kikoba, zungumza kwanza na mchungaji au padri wako na mwanasheria, halafu uende. Kushauriana kusiwe njia ya kuchelewa: panga tarehe siku hiyohiyo.

Huna uwezo wa kulipa wote? Panga kwa unyonge wa anayekudai. Kibarua, mama ntilie na fundi wa mtaani watangulie, kisha ndugu na wenzako wa kikoba. Benki au mkopo wa kausha damu wenye rehani usiuache kabisa, maana ukipoteza cherehani au bodaboda hutaweza kumlipa yeyote. Lipa rejesho lake, huku wale wadogo wakipata kitu kila wiki. Mpigie kila mmoja kabla hajakupigia. Kumzungusha mtu kunamgharimu nauli, muda na heshima, na hivyo navyo ni mali yake.

Swali hili huulizwa kila mahali: zaka itolewe kwanza au mshahara wa mfanyakazi ulipwe kwanza? Malaki 3:10 husomwa makanisani kila mara. Rudi mistari mitano nyuma, 3:5, utaona Bwana akija kuwa shahidi dhidi ya wanaomwonea aliyeajiriwa katika ujira wake, pamoja na mjane na yatima. Fedha ya kibarua ikiwa bado mfukoni mwako, si yako kuitolea sadaka. Mlipe, ndipo utoe zaka katika kilicho chako.

Wateja wa dukani usiowajua huwezi kuwarudishia mmoja mmoja. Walioko kwenye daftari la madeni wapunguzie deni na uwaambie sababu. Kwa waliobaki, fuata ile nusu ya mali ya Zakayo iliyokwenda kwa maskini: lipia dawa za jirani, sare za mtoto wa mjane, bila kutangaza, na si kwenye harambee ambayo jina lako litasomwa. Aliyehama mtaani mtafute kupitia mjumbe, ofisi ya serikali ya mtaa au mwenye nyumba wake wa zamani. Akiwa amefariki, deni ni la warithi wake, mjane na watoto kwanza. Hesabu 5:8 inasema asipokuwapo jamaa wa kupokea, malipo yaende kwa Bwana kupitia kuhani; kwa sasa mkabidhi mchungaji au padri bahasha ya wahitaji, na uandike tarehe kwenye safu ya tatu.