Ukitaka divelopa aongeze kitu kwenye jukwaa lako la blogu, muombe hivi

Haya majukwaa mepesi mengi yanaendeshwa na mtu mmoja au wawili tu, kwahiyo ukimwandikia "boresha iwe kama WordPress", lile jukwaa kubwa la blogu lenye kila kitu, hana pa kuanzia.

Anza na kilichokukuta, batani unayoitaka ije baadae. Usiseme tu "weka sevu ya otomatiki", mwambie nilikua naandika kwenye simu, nishafika aya ya nane, umeme ukakatika na waifai ikaenda nao, nikabonyeza chapisha ukurasa ukagoma, kurudi nyuma hamna kitu. Mimi imenikuta mara mbili na inauma jamani, maana yale maneno hayarudi vilevile. Akisoma hivyo anajua kabisa kusevu kwenye seva, yani kompyuta ya jukwaa huko mtandaoni, peke yake hakutoshi, drafti inabidi ikae na kwenye browza yako pia, na browza nyingi zinatoa kama MB 5 kwa kila tovuti, maandishi matupu mamia ya drafti yanaenea humo.

Halafu weka namba. "Picha ni nzito" haimsaidii. Sema picha ya simu yangu ina MB 4, nikiweka sita ni MB 24, na msomaji wangu kaunga bando la jero. Omba jukwaa lipunguze picha lenyewe wakati unapandisha, upana wa pikseli 1200 kwa simu unatosha sana, na picha za chini zisishuke mpaka msomaji azifikie.

Lugha ndo wengi tunasahau kuomba kabisa. Ukurasa ukitangazwa kuwa ni Kiingereza, programu ya kumsomea asiyeona inatamka Kiswahili chako kizungu, haelewi kitu, na huyo ni msomaji wako kama wengine. Omba sehemu ya kuchagua lugha kwa kila posti, kwenye kodi ya ukurasa (yale maandishi ya divelopa yanayouunda) ni kaneno kadogo tu, lang="sw".

RSS (inayompelekea msomaji posti mpya bila kufungua blogu yako), kuchapisha kwa ratiba, kupakua posti zote kwa mpigo, hivyo kaangalie kwanza kwenye mipangilio, saa nyingine vipo ila vimejificha.

Ujumbe mmoja ombi moja, ukichanganya matano atajibu lile rahisi. Na akishaongeza, ijaribu siku hiyohiyo kwenye simu yako ya kawaida umrudishie majibu, taja aina ya simu na browza, hata kama imefanya kazi vizuri.