Farasi kwenye nyasi za kikuyu na setaria: kuzuia uvimbe wa mifupa ya uso

Malisho yanaweza kuwa ya kijani mwaka mzima na farasi bado akakosa kalsiamu. Kikuyu, setaria na Cenchrus ciliaris ni nyasi za kwetu Afrika zilizopelekwa Australia, na utafiti uliofanyika Queensland miaka ya 1970 na 1980 ulionyesha tatizo lake: zina oksaleti, kemikali ya asili inayoishika kalsiamu tumboni hadi ikatoka na kinyesi. Hapo mwili huichota kalsiamu kwenye mifupa. Ng'ombe huvumilia kwa sababu bakteria wa tumbo lake la kwanza huivunja oksaleti. Kwa hiyo afya ya ng'ombe waliomo shamba hilohilo isikutulize.

Dalili za mwanzo ni kuchechemea kunakohama mguu hadi mguu, mwendo wa kukakamaa na kukonda. Uso huvimba baadaye. Usitegemee kipimo cha damu peke yake: kalsiamu huweza kusoma kawaida huku mifupa ikiliwa.

Peleka sampuli ya nyasi maabara, kisha gawanya kalsiamu kwa oksaleti. Jibu likiwa chini ya 0.5, kuna hatari. Mfano: farasi wa kilo 500 hula takriban kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Nyasi zikiwa na kalsiamu 0.4% na oksaleti 1.3%, anapata gramu 40 za kalsiamu na gramu 130 za oksaleti. Ili kufikia 0.5 anahitaji angalau gramu 65 za kalsiamu, hivyo pengo ni gramu 25.

Mchanganyiko wa kinga kwa farasi mmoja kwa wiki: chokaa ya mawe iliyosagwa ya mifugo sehemu 1, DCP (unga wa madini wa kalsiamu na fosforasi) sehemu 2, jumla kilo 1, pamoja na molasi kilo 1.5. Ugawe kila siku. Molasi si ya utamu tu. Bila hiyo unga hubaki chini ya chombo. Aliyekwisha kuugua hupewa mara mbili ya hapo kwa miezi sita au zaidi, chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo. Chokaa ya kupaka ukuta usiiguse, inaunguza.

Kosa linaloharibu kazi yote ni pumba. Pumba za ngano zina fosforasi nyingi mno kuliko kalsiamu, na kuongeza pumba ili farasi aliyekonda anenepe ni kumzidishia ugonjwa. Mpe hei ya lusani (alfalfa), yenye kalsiamu nyingi, au hei ya Boma Rhodes, ambayo oksaleti yake ni ndogo. Lusani, siyo lusina (mti wa Leucaena): lusina ina sumu inayomnyonyoa farasi singa na mkia.

Setaria usiimwagie mbolea nyingi ya naitrojeni, maana oksaleti hupanda, hasa kwenye machipukizi. Farasi jike wanaonyonyesha na wadogo wanaokua watoe kwanza kwenye malisho hayo.