Pasha jeli kwanza: zoezi la ultrasaundi yenye fokasi kwa mafundi vifaa tiba

Vijana ninaowafundisha ufundi wa vifaa tiba hapa Mwanza wakisikia kwamba mawimbi ya sauti hupasha uvimbe wa saratani joto bila kisu, huuliza wati ngapi. Mimi huwaanzishia kwenye hewa. Mawimbi ya ultrasaundi yakitoka kwenye maji yakakuta hewa, karibu yote hurudi yalikotoka, hivyo viputo vichache tu mbele ya probu, kifaa kinachotoa mawimbi hayo, vinatosha kuharibu kazi.

Zoezi hili ni la jeli tu. Usimwekee mtu probu ya fokasi, yaani inayokusanya mawimbi mahali pamoja, wala usitie kidole kwenye beseni ikiwa imewashwa.

Chemsha maji, yamimine polepole yakitiririka ubavuni mwa chombo, jaza hadi juu na ufunike yangali moto. Maji ya bomba yaliyotoka kumiminwa yana hewa tele hata kama macho hayaioni. Wakati yanachemka, hakiki themokapo, waya wa kupimia joto. Kwenye barafu inayoyeyuka isome 0. Kwenye maji yanayochemka usisubiri 100: Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Huniuma kuona kipimajoto kizima kinatupwa kwa sababu eti hakifiki mia.

Jeli: gramu 3 za aga, unga wa mwani unaogandisha, kwa kila mililita 100 za jeli. Yeyusha aga kwenye maji ya nusu ya ujazo huo, ikipoa hadi nyuzi 60 changanya na maziwa ya kopo yasiyo na sukari, yaliyopashwa, kwa kiasi kilekile. Aga peke yake hainyonyi mawimbi vya kutosha. Maziwa ndiyo yanayoisogeza karibu na nyama ya mwili. Koroga taratibu usiingize povu. Chomeka themokapo kabla haijaganda.

Weka jeli kwenye beseni la maji uliyoyachemsha, yakiwa nyuzi 37, na kipande cha raba nene nyuma yake ili mawimbi yasirudi. Ukianza na maji ya nyuzi 25 utahitaji kupanda nyuzi 18 kufika 43. Kutoka 37 ni 6 tu, na hiyo ndiyo hali ya mwili.

Sasa tafuta fokasi, hapa usiwe na haraka. Kwa megahezi 1 urefu wa wimbi ni milimita 1.5 hivi, na probu yenye kipenyo sawa na umbali wa fokasi yake hutoa eneo la moto mithili ya punje ya mchele. Washa kwa nguvu ndogo, sogeza probu milimita moja moja, na ushike pale joto linapopanda zaidi. Sekunde chache za mwanzo usiziamini: waya wenyewe hupata moto kwa kusuguana na jeli inayotikisika.

Ukishaipata, pandisha hadi 43, kisha punguza nguvu ili joto litulie. Tiba hii hulenga nyuzi 40 hadi 45, mara nyingi kwa saa nzima hivi, ili mionzi au dawa zifanye kazi vizuri zaidi. Haikusudii kuivisha. Andika joto kila dakika, kisha geuza kuwa dakika za nyuzi 43: juu ya 43 kila nyuzi moja huzidisha muda mara mbili, chini yake huugawanya kwa nne. Dakika 10 kwenye 44 ni sawa na 20. Kwenye 42 ni 2.5. Kipimo cha dakika 240 za namna hiyo, kinachotajwa sana kuwa ndicho kinachoua tishu, hufikiwa kwa sekunde 2 hivi kwenye nyuzi 56. Ndiyo maana nasisitiza mkono uwe mwepesi kwenye kitufe cha nguvu.

Jeli haina damu. Mwilini damu inayopita huondoka na joto, hasa karibu na mishipa mikubwa, kwa hiyo nguvu uliyoipata hapa usiihamishie huko. Mwisho, sogeza probu milimita 3 pembeni bila kugusa nguvu, usome joto limeshuka kiasi gani. Tumia tofauti hiyo kupanga ni vituo vingapi probu itapitia ili kuufunika uvimbe wa sentimita 2.