Kutengeneza nyuzinano za titani dioksidi zinazovunja gesi chafu kwa mwanga

Kichujio cha makaa hunasa gesi hadi kijae. Nyuzinano (nyuzi nyembamba mno, za unene wa nanomita) za titani dioksidi, zikipigwa na miale ya urujuanimno, huzivunja gesi zenyewe: mwanga huamsha elektroni, na juu ya uzi hutokea radikali za hidroksili zinazounguza molekuli chafu. Kusokota nyuzi hizo kwa umeme hujifunzwa haraka. Wengi hukwama kwenye unyevu na kwenye upimaji.

1. Kimiminika

Yeyusha gramu 0.45 za PVP (polima inayoshikilia uzi hadi uchomwe; uzito wa molekuli 1,300,000) katika mililita 7.5 za ethanoli kavu. Kwenye chupa nyingine changanya gramu 1.5 za titani isopropoksidi, mililita 3 za asidi asetiki na mililita 3 za ethanoli. Koroga dakika 10, mimina kwenye PVP, funga chupa, kisha endelea kukoroga kwa saa moja.

Kimiminika kizuri ni cha manjano hafifu, na unaona upande wa pili. Kikiwa na ukungu mweupe, maji yameingia na titani imeanza kuganda. Kitupe, hakitengenezeki tena. Asidi asetiki ndiyo inayochelewesha kuganda huko, kwa hiyo usiipunguze kwa sababu ya harufu. Vaa glovu na miwani, na ufanyie kazi penye feni ya kufyonza hewa.

2. Kusokota kwa umeme

Tumia sindano butu ya chuma yenye tundu la milimita 0.4. Anza na mtiririko wa mililita 0.5 kwa saa, kilovolti 15, na umbali wa sentimita 12 hadi kwenye karatasi ya alumini iliyounganishwa na waya wa ardhi. Unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 40.

Macho yabaki kwenye ncha ya sindano. Tone linapaswa kuvutika likawa koni ndogo inayotoa uzi mmoja. Likidondoka, punguza mtiririko au ongeza volti kidogo kidogo. Ncha ikiota gamba jeupe, unyevu umezidi: zima mtambo, gusisha sindano na waya wa ardhi, ndipo ufute. Mvuke wa ethanoli hushika moto kwa cheche, kwa hiyo usifunge kisanduku bila njia ya hewa.

Ukiona shanga kwenye nyuzi chini ya hadubini, kimiminika ni chepesi mno. Panda hadi gramu 0.6 za PVP.

3. Kuchoma

Acha utando usiku kucha ili unyevu wa hewa umalizie kugandisha titani. Ubandue, uweke juu ya kipande cha kwatzi, kisha upandishe joto 1 hadi 2 °C kwa dakika mpaka 500 °C, na ukae hapo kwa muda wa saa 3 tanuri likipitisha hewa. Usitumie kioo cha dirisha: sodiamu yake huhamia kwenye titani na kudhoofisha kichocheo.

Ukiharakisha joto, PVP hutoka kwa kishindo na nyuzi hukatika. Rangi ya kijivu ni kaboni iliyobaki. Joto likizidi sana, anatesi (umbo la fuwele la titani dioksidi tunalolitaka) hugeuka rutili (umbo lake jingine) na chembe hunenepa, eneo la kufanyia kazi likapungua. Pima uzito pia: gramu 1.5 za isopropoksidi haziwezi kutoa zaidi ya gramu 0.42 za titani dioksidi. Ukipata zaidi, kuna kitu hakijaungua.

4. Taa

Anatesi huhitaji mwanga wa chini ya nanomita 387 hivi. Chagua LED ya nanomita 365, ikitoa wati 10 kwa mita mraba juu ya utando. Epuka taa zinazotoa nanomita 185, kwani huzalisha ozoni.

5. Kupima

Hapa ndipo watu hujidanganya. Gesi kupungua si ushahidi. Huenda imenata tu kwenye nyuzi, au imegeuka formaldehidi, ambayo ni mbaya kuliko ulichoanza nacho. Pima kaboni dioksidi.

Weka utando kwenye chombo cha lita 10 chenye feni ndogo na hewa iliyoondolewa kaboni dioksidi, unyevu ukiwa karibu asilimia 50. Dunga mikrolita 2.3 za asetaldehidi, kichafuzi cha kujaribia, sawa na takriban ppm 100 (sehemu 100 kwa milioni ya hewa). Huchemka kwenye 20 °C, hivyo poza sindano kwanza. Subiri gizani mpaka kipimo kitulie, ndipo uwashe taa. Asetaldehidi yote ikivunjika kabisa, kaboni dioksidi hupanda kwa takriban ppm 200. Rudia kwa taa bila nyuzi, kisha kwa nyuzi bila taa. Bila majaribio hayo mawili, namba zako hazina uzito.

6. Utando ukichoka

Tolueni huacha rangi ya manjano au kahawia. Iache taa ikiwaka kwenye hewa safi yenye unyevu hadi weupe urudi. Oksidi za nitrojeni huacha nitrati ambazo mwanga hauziondoi vizuri: loweka utando kwenye maji yaliyotoneshwa bila kuusugua, kisha ukaushe kwa 80 °C ukiwa juu ya kwatzi yake, maana nyuzi zilizochomwa huvunjika zikikunjwa na vumbi lake halifai kuvutwa puani.