Kabla ya kulipia safari, kama mnatafuta mtoto

Nyie mnaotafuta mtoto na huku mnapanga likizo, msisimamishe maisha. Kateni tiketi, ila chagueni ile inayokubali kubadilishwa tarehe hata kama imezidi bei kidogo. Mimba ikiingia katikati, mtashukuru.

Kwanza angalieni kama mnakokwenda kuna Zika, virusi vinavyoenezwa na mbu na vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Hili wengi hulipita, na wanaume ndio husahauliwa kabisa, kumbe virusi hivi huambukizwa pia kwa kujamiiana na hukaa muda mrefu kwenye shahawa. Ushauri wa kitabibu ni mwanamume angoje miezi 3 baada ya kurudi, na mwanamke miezi 2, ndipo mjaribu tena. Muda wote huo kondomu itumike. Kwa anayehesabu kila mzunguko, miezi 3 ni mingi mno. Mimi ningebadilisha mahali pa kwenda.

Chanjo nazo zina hesabu yake. Ya homa ya manjano, au ya surua na rubella, ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mwanamke hushauriwa kusubiri wiki 4 kabla ya kushika mimba. Mwoneni daktari mapema, na dawa ya kuzuia malaria muulizieni hapohapo, maana si zote zinafaa.

Asidi ya foliki, vitamini inayomkinga mtoto na kasoro za ubongo na uti wa mgongo, mikrogramu 400 kila siku, iwekeni kwenye mkoba wa mkononi pamoja na kipimo cha mimba. Siku zikichelewa mkiwa ugenini, mtapima asubuhi kabla ya kuagiza kileo chochote.